Maji ya rejeta yanafikaje kwenye gia boksi ya auto? Tuelewane taratibu

Kila ikifika Januari, wageni wa Krismasi wakishaondoka, gereji za huku kwetu Moshi na Arusha zinabaki na magari ambayo yalipanda vizuri kutoka Dar ila kurudi yakagoma. Safari hii moja lilikuwa la shemeji yangu, Noah ile ya zamani, auto. Fundi kafungua nati ya kumwagia oil chini ya gia boksi, kakinga na dumu lililokatwa, kikatoka kitu cha pinki, kizito, kama mtindi wa stroberi. Tulikuwa watu kama sita pale na yakatoka majibu sita. Mmoja anasema oil feki, mwingine anasema kuna mtu mwenye roho mbaya kamwagia maji usiku, mzee mmoja akasema aisee hizi auto ndo zilivyo angenunua manual, na mabishano yakaenda mpaka chai ya saa nne ikapoa. Hakuna aliyeitazama rejeta. Hata fundi hakuitazama, na hiyo ndo ilimgharimu shemeji, nitafika huko.

Tuanze na majina maana hapo ndo watu wanapotezana. Gia boksi ya auto ni ile isiyo na pedeli ya klachi, inabadilisha gia yenyewe. Klachi zimo humo ndani, tena nyingi, ila hazikanyagwi na mguu wako, zinabanwa na oil inayosukumwa na pampu kwa presha. Oil hiyo wengi tunaiita haidroliki na mara nyingi ni nyekundu. Kulanti ni yale maji ya rangi ya kwenye rejeta, ni maji yaliyochanganywa na ethilini glaikoli pamoja na dawa za kuzuia kutu, kazi yake ni kubeba joto la injini bila kuchemka mapema. Rejeta unaijua. Alafu kuna kula, siyo kula ugali, hii ni kipoza oil, kibomba ambacho haidroliki inapita ndani yake ili ipoe.

Sasa swali lenyewe. Rejeta iko mbele kabisa kwenye pua ya gari, gia boksi iko nyuma ya injini au pembeni yake, maji yanatoka huku yanafika kule kwa njia ipi? Watu wengi hawajui kwamba haidroliki yenyewe ndo inasafiri kwenda kwenye rejeta. Gia boksi inatengeneza joto kali, hasa ukipanda milima kama ya Marangu au Kibosho na gari imejaa watu na ndizi, na oil ikipata joto sana inaungua na kupoteza nguvu. Kwa hiyo watengenezaji wa magari walifanya kitu rahisi, wakachukua ile kula wakaizamisha ndani ya tenki la rejeta, mara nyingi la chini au la pembeni. Ukiinama utaona mabomba mawili membamba yanaingia kwenye rejeta mbali na hozi kubwa za maji, moja linaleta oil ya moto na lingine linairudisha imepoa.

Fikiria mama anayepoza uji wa mtoto. Anaweka kikombe cha uji kwenye beseni la maji ya baridi, joto linatoka kwenye uji linaenda kwenye maji, uji na maji havigusani kwa sababu katikati kuna ukuta wa kikombe. Kikombe kikipata ufa, mtoto anakunywa maji na beseni linakuwa na uji. Basi kula ndo kikombe, tenki la rejeta ndo beseni, na ule ukuta ni kipande chembamba tu cha bati la shaba au aluminiamu.

Ukuta unatobokaje? Kwanza ni uzee. Gari tunazoendesha nyingi zimetoka Japani zikiwa na miaka 10 na kuendelea, na rejeta ni ile ile iliyozaliwa nayo, maungio yamechoka kwa kutanuka na kusinyaa kila siku. Pili ni tabia yetu ya maji ya bomba. Kulanti ikipungua mtu anajazia maji, wiki ijayo tena maji, baada ya mwaka humo ndani hamna kulanti ni maji matupu, na maji ya Arusha mnayajua wenyewe yanavyofanya meno ya watoto, yana madini yake, siyo kitu cha kumwaga kwenye rejeta miaka mitatu mfululizo. Ile dawa ya kuzuia kutu ikiisha chuma kinaliwa pole pole kwa ndani.

Tatu ni kuchemsha, na hapa kuna jambo dogo la mwinuko watu hawalifikirii. Maji ya wazi yanachemka nyuzi 100 ukiwa Dar usawa wa bahari, ukiwa Moshi mjini ni kama 97, na Arusha iliyoko karibu mita 1,400 juu ni kama 95 tu. Injini nayo joto lake la kawaida la kufanyia kazi linazunguka hapo hapo kwenye 90. Kinachookoa ni mfuniko wa rejeta, unafanya kazi kama presha kuka, unabana ili maji yasichemke mapema. Ndo maana mfuniko uliolegea unaweza usikusumbue Dar alafu ukakuumbua Ngaramtoni. Na kila gari ikichemsha, maungio ya tenki yanavutwa zaidi, kula nayo inavutwa.

Haya, ukuta umetoboka. Nani anaenda kwa nani? Hii sehemu mimi mwenyewe ilinichukua muda kuielewa. Gari ikiwa inatembea, pampu ya gia boksi inasukuma oil na kwa kawaida presha yake kwenye kula inakuwa kubwa kuliko ya maji, kwa hiyo oil ndo inapenya kuingia kwenye rejeta. Ukizima gari pampu inasimama, presha ya oil inashuka mpaka sifuri, lakini rejeta bado ni ya moto na imebanwa na mfuniko, kwa hiyo sasa maji ndo yanasukumwa kuingia kwenye oil. Yani gari inaumia ikiwa imelala. Unazima jioni kila kitu kiko sawa, asubuhi unaamka na ugonjwa.

Ndo ilivyomkuta shemeji. Alichemsha pale Same mchana wa jua kali, akasubiri ikapoa, akajaza maji, akafika Marangu bila tatizo. Gari ikalala siku mbili, wenyewe wako kwenye mbege na nyama. Siku ya tatu anafungua boneti, maji yamepungua, akaongeza chupa kubwa mbili bila kujiuliza yale ya mwanzo yameenda wapi maana chini hakukuwa na tone. Yalikuwa kwenye gia boksi. Na yeye akaendelea kuyaongezea, kila asubuhi, kama mtu anayemwagilia mgomba.

Kwa nini maji yanaua auto haraka hivyo? Zile klachi za ndani ni pleti za chuma zilizogandishwa juu yake kitu kama karatasi ngumu, na kimegandishwa kwa gundi. Imetengenezwa iishi ndani ya oil, na kwenye oil inadumu miaka na miaka. Maji na glaikoli ni habari nyingine. Ukitaka kuona chukua chupa ya bia iache kwenye ndoo ya barafu nusu saa, alafu vuta lebo kwa kidole. Lebo inatoka nzima, gundi imekuwa ute. Hicho ndo kinachotokea kwenye pleti, karatasi inanyonya maji, inalainika, gundi inaachia, na vipande vyake vinazunguka na oil mpaka kwenye filta na kwenye vile vitundu vidogo vya valvu vinaziba. Juu ya hapo oil yenye maji inafanya povu, na povu linabonyea, halisukumi kitu, kwa hiyo klachi zinabanwa nusu nusu zinateleza zinaungua. Vyuma vya ndani ambavyo havijawahi kuonja maji tangu kiwandani navyo vinaanza kutu.

Kwenye kiti cha dereva utaisikia hivi. Mara nyingi dalili ya mwanzo ni mtetemeko ukiwa spidi ya kawaida, 50 mpaka 70 hivi, umekanyaga mafuta kidogo tu, gari inatetemeka kama unapita juu ya rasta za barabarani wakati lami ni safi. Wengi wanakimbilia kubalansi tairi. Baadaye unaweka D gari inafikiria kwanza ndo inaondoka, kwenye mlima injini inalia lakini gari haisogei kama inavyolia, na mwisho taa ya O/D, yani ovadraivu, ile gia ya juu ya spidi kubwa, inaanza kuwaka na kuzima. Ukifika hapo umechelewa. Kuona kwa macho ni rahisi zaidi kuliko kusikia, chomoa stiki ya kupimia haidroliki uipanguse kwenye tishu nyeupe, ikiwa nyekundu ya kuangaza au kahawia ya uzee hayo ni mambo mengine, ikiwa pinki ya maziwa ndo yenyewe. Alafu angalia kwenye tenki dogo la akiba la maji, ukikuta utando wa pinki unateleza umepata jibu la pande zote mbili.

Kuna kitu kinawachanganya sana wenye Toyota. Kulanti ya Toyota nayo ni nyekundu au ya pinki, haidroliki ni nyekundu, kwa hiyo tone jekundu chini ya gari linaweza kuwa lolote. Usionje, wapo wanaoonja kwa sababu glaikoli ina utamu, lakini ni sumu, inaua figo, na mbwa wanaipenda kwa utamu huo huo kwa hiyo usiiache wazi kwenye beseni uani. Dondosha tone kwenye kikombe cha maji ulichokwisha kukitenga, haidroliki inaelea juu, kulanti inapotelea kwenye maji.

Mkanganyiko mwingine ni wa gasketi ya silinda hedi, ile ya kuzibia katikati ya hedi na bloku ya injini. Mtu akiona tu maziwa kwenye oil yoyote anasema gasketi imekufa, shusha hedi. Gasketi ikifa inachanganya maji na oil ya injini, siyo haidroliki. Maziwa kwenye mfuniko wa kujazia oil ya injini unaweza kuanza kuiwazia gasketi, na hata hapo usikimbilie, Julai hapa Arusha asubuhi ni baridi na mtu anayeendesha kutoka Sakina mpaka mjini tu injini haipati moto vizuri, unyevu unaganda kwenye mfuniko kama ukungu wa maziwa, ukifanya safari ndefu unaisha. Lakini maziwa kwenye stiki ya gia boksi yanakupeleka kwenye rejeta, au kama ulipita kwenye maji mengi kipindi cha masika basi yanaweza kuwa yameingilia kwenye tundu la kupumulia la boksi. Kushusha hedi kwa ugonjwa wa gia boksi ni kumfanyia mtu operesheni ya goti wakati anaumwa jino.

Na siyo tatizo la barabara zetu tu. Marekani wenye Nissan Pathfinder, Frontier na Xterra za 2005 mpaka 2010 walipata janga hili wengi kiasi kwamba likafika mahakamani, na kampuni ikaongeza dhamana ya rejeta mpaka miaka 8 au maili 80,000, ambazo ni kama kilomita 129,000. Kule waliubatiza ule mchanganyiko milksheki ya stroberi. Kwa hiyo yule mzee wa manual ana nusu ya ukweli, manual haina kula kwenye rejeta kwa hiyo ugonjwa huu haiupati, lakini kosa siyo la auto, boksi limepokea tu maji ya jirani.

Ukishaona pinki, kazi ya kwanza ni kutowasha gari. Najua hapa ndo watu wananiona mkali, gereji iko kilomita tatu tu, nitaenda pole pole. Kila mzunguko wa injini unasambaza yale maji kwenye klachi na kwenye toki konvata, lile duara kama sufuria mbili zilizogeuziana mdomo. Ita bredauni ya kubeba, na siyo kuvutwa kwa kamba tairi zinazoendesha zikiwa chini, maana auto ikivutwa injini imezimwa pampu haizunguki na vyuma vinasagana vikavu.

Gereji kinachoanza ni rejeta, siyo gia boksi. Kupima kula siyo kazi ngumu, fundi anafungua yale mabomba mawili, anaziba moja, kwenye lingine anatia upepo kiasi huku rejeta imejaa maji, yakitoka mapovu kwenye maji kula imetoboka, ni kama kutafuta pancha kwenye beseni tu. Wakati mwingine ufa unafunguka rejeta ikiwa ya moto tu, kwa hiyo kukosa mapovu siyo hati ya kuachiwa huru, kama oil ni pinki na hukupita kwenye mafuriko mimi nabadilisha rejeta bila kubishana. Kuchomelea hapa hakuna maana, kula iko ndani ya tenki fundi haifikii, na zile poda za kuziba rejeta pamoja na ute wa yai vinaziba mpaka vijia vizuri. Nimesikia pia watu wanaosha boksi kwa dizeli. Hapana jamani.

Alafu ndo oil, na hapa hesabu inawashinda wengi. Unamwaga, unajaza mpya, unaambiwa imeisha. Tuseme boksi lako lina lita 8 kwa jumla, ukifungua nati zinatoka kama 3, zile 5 zimebaki kwenye konvata, kwenye mabomba na kwenye vijia. Kwa hiyo mara ya kwanza umebakiza zaidi ya asilimia 62 ya uchafu. Ya pili kama 39, ya tatu 24, ya nne 15. Ni sawa na ndoo iliyokuwa na mbege, unamwaga kidogo unajaza maji unamwaga kidogo, bado inanukia mbege. Njia nzuri zaidi ni kufungua bomba linalorudi kutoka kwenye kula uliingize kwenye ndoo, unawasha injini, zikitoka lita mbili unazima unarudisha lita mbili mpya, unarudia mpaka itoke nyekundu safi, na kabla ya hapo sampo, lile karai la chini ya boksi, imeshushwa na filta imebadilishwa. Oil iwe ya aina iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari, kama ni T-IV ni T-IV, kama ni WS ni WS, kuweka ya bei chee kisa rangi inafanana ni kurudi nyuma. Upande wa maji nao uoshwe kwa sabuni mpaka mafuta yaishe, hozi zilizovimba kwa oil zitupwe.

Itapona? Inategemea uliendesha kiasi gani baada ya maji kuingia. Kama uligundua mapema na boksi bado linabadilisha gia vizuri, kuosha kunaweza kutosha, wapo waliopona. Kama linateleza tayari basi pleti zimeshaachia na oil mpya hairudishi gundi, hapo ni kulifungua na kubadilisha pleti, sili na konvata, au kutafuta lingine.

Wenye CVT, zile auto za mkanda na puli badala ya gia za hatua, kama X-Trail na wenzao, msijione mko salama. Kwenye baadhi yao kula haipo ndani ya rejeta, imefungwa kwenye boksi lenyewe na maji ya injini yanaletwa pale, ukuta ni ule ule. Mkanda wa chuma unashika puli kwa msaada wa oil hiyo, ikiwa na maji unateleza na kukwangua. Nyingi hazina hata stiki ya kupimia, kwa hiyo maji ya rejeta yakipungua bila kuvuja popote usiongeze tu, ipeleke kwa fundi afungue nati aone.

Shemeji sasa. Alinunua boksi la yuzdi Arusha, likafungwa, oil mpya, gari ikaondoka vizuri sana. Rejeta ile ile. Siku ya tisa stiki ikatoka pinki tena na boksi la pili likafuata la kwanza. Ndo fundi mwingine, kijana tu wa Pasua, akauliza swali ambalo sisi sita hatukuuliza, hii rejeta mliipima? Akatia upepo, mapovu yakatoka kama soda. Sasa Noah ina rejeta mpya, boksi la tatu, na kula ya pembeni iliyofungwa mbele nje ya rejeta ili oil na maji visikutane tena. Boksi la kwanza tulilifungua, kijana akachukua pleti moja akaikwaruza na ukucha, karatasi ikatoka yote ikabaki chuma cheupe.

Rejeta ya zamani shemeji ameondoka nayo Dar nyuma ya siti. Anasema kuna fundi wa kuchomelea Gongo la Mboto atamwona.